Santuri au faili? Maswali ambayo ma-DJ huuliza kila mara

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue mashine za santuri au kontrola?

Kontrola, yaani kile chombo cha vitufe na vitelezi cha kuongozea faili za muziki kwenye kompyuta, tena ya kawaida tu, na laptopu uliyonayo. Kazi za kulipwa ziko kwenye harusi, sendoff, baa na redio, na huko mtu anakuja mezani kukuomba wimbo uliotoka juzi. Wimbo huo hauko kwenye santuri na huenda usiwepo kamwe, maana muziki mpya wa kwetu hutolewa kwa santuri kwa nadra sana.

Santuri ina kazi yake nyingine. Humo ndimo zilimobaki nyimbo nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980 ambazo mtandaoni hazipo, au zipo kwa nakala iliyochoka. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: piga kwa faili, chimba kwa santuri. Anayetaka santuri kwa sababu anazipenda tu, basi, hahitaji ruhusa ya mtu.

Lakini santuri si ndiyo yenye sauti nzuri zaidi?

Kwa vipimo, hapana. Nafasi iliyopo kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye CD ya biti 16 ni desibeli 96. Santuri nzuri, safi, yenye sindano nzuri, hufika 60 hadi 70 hivi. Juu ya hapo kuna vumbi, kuna mikwaruzo, na kuna lile tatizo la nyimbo za mwisho wa upande: kadiri sindano inavyokaribia katikati, mfereji hupita chini yake taratibu zaidi, na sauti za juu huanza kuchanika. Besi nayo lazima iwekwe katikati ya stereo wakati wa kuchonga sahani, la sivyo sindano itaruka.

Hata hivyo wanaosema santuri ni tamu hawaoti. Mara nyingi toleo la santuri liliandaliwa na fundi kwa namna yake, bila kubanwa sana, huku toleo la dijitali la wimbo uleule likiwa limebanwa hadi ngoma na sauti ya mwimbaji vinalingana kimo. Ukiyalinganisha hayo mawili unalinganisha mikono ya mafundi wawili. Halafu kuna santuri za inchi 12 zenye wimbo mmoja kila upande, zinazozunguka mara 45 kwa dakika: mifereji yake ni mipana, sauti ni kubwa, besi inapiga kifuani. LP, sahani ya nyimbo nyingi, iliyojazwa dakika 25 kila upande haina nguvu hiyo, hata ukiinunua kwa bei ya mbuzi.

Ukumbini, kwenye spika za kukodi na watu mia tatu wanaoimba, hakuna atakayejua unapiga nini. Watajua kama umekosea kuchanganya.

MP3, WAV, FLAC, AIFF: nihifadhi kwa lipi?

MP3 ya kilobiti 320 inatosha kwa kazi. Dakika moja yake ni megabaiti 2.4, na dakika moja ya WAV ya ubora wa CD ni zaidi ya megabaiti 10. Flashi ya gigabaiti 64 itabeba nyimbo zaidi ya 5,000 za dakika tano kwa MP3, au kama 1,200 kwa WAV.

WAV ni nzuri lakini ina udhaifu mmoja unaoudhi: taarifa za wimbo, yaani jina, msanii na picha, mara nyingi hupotea zinapohamia programu nyingine. AIFF ina ubora uleule na hutunza taarifa hizo vizuri. FLAC hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kupoteza chochote, na ndiyo tunayoipendekeza kwa maktaba ya nyumbani. Tahadhari: mashine nyingi za flashi za Pioneer, zile za vilabuni, za kabla ya 2016 hazisomi FLAC. Ukialikwa klabu usiyoijua, beba MP3 au AIFF, na flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Ukibeba ya NTFS utakuwa mtazamaji kama wateja wengine.

Wimbo nimeuvuta YouTube nikaugeuza kuwa 320. Kuna shida?

Ipo. Kugeuza hakurudishi kilichokwisha kukatwa; umeongeza ukubwa wa faili tu. Ufungue kwa programu ya bure iitwayo Spek, itakuchorea sauti zilivyopanda. MP3 halisi ya 320 hufika karibu kilohezi 20. Ikiwa mchoro umekatika ghafla kwenye 16, hiyo ni ya chini iliyovishwa koti. Kwenye hedifoni inaweza kupita, ila kwenye spika kubwa matoazi husikika kama maji yanayochuruzika.

Mbona kitufe cha «sync», kile cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili, kinanikataa nikipiga rumba na dansi?

Kwa sababu bendi ile haikuwa na saa ya kuifuata. Programu kama Rekordbox, Serato na Traktor husikiliza wimbo, hukisia idadi ya mapigo kwa dakika, kisha hutandaza gridi juu yake. Kwa muziki uliotengenezwa na kompyuta gridi hukaa sawa mwanzo hadi mwisho. Kwa wimbo wa Simba Wanyika, Les Wanyika au Super Mazembe, mpiga ngoma ni mtu. Anaanza kwa mapigo 112, mwimbaji akimaliza beti anapanda 115, magitaa yakishika moto wako 119. Hakukosea, ndivyo muziki wenyewe unavyochemka.

Gridi iliyopangwa kwa mwanzo wa wimbo huo inakuwa imepotea kabla hujafika katikati, na ukibonyeza «sync» wakati huo unaulazimisha wimbo mwingine ufuate kosa. Baadhi ya programu zina gridi inayobadilika ndani ya wimbo mmoja, nayo husaidia, ila bado utakaa na panya wa kompyuta ukisogeza mistari kwa mkono. Njia fupi ni kujifunza kulinganisha mwendo kwa masikio na kidole kwenye kitelezi cha mwendo, jambo ambalo DJ wa santuri hana budi kulijua toka siku ya kwanza. Hapo ndipo tunapomshauri hata mtu wa faili aazime mashine za santuri kwa mwezi mmoja. Akirudi kwenye kontrola yake hatatishwa tena na bendi ya watu kumi na wawili.

Njia nyingine kwa muziki huu: usichanganye kwa muda mrefu. Rumba ya zamani ina utangulizi wa gitaa. Acha wimbo wa kwanza ufike kwenye pumzi yake, katisha, ingiza wa pili kwenye mstari wake wa kwanza. Wacheza wa muziki huo hawadai mpito wa dakika mbili.

Kwa nini nyimbo za zamani zimeandikwa «Part 1» na «Part 2»?

Sahani ndogo ya inchi 7 haibebi zaidi ya dakika nne au tano hivi kila upande bila sauti kudhoofika. Wimbo wa dansi wa dakika nane ulikatwa vipande viwili: upande A una mashairi, upande B una sehemu ya kuchezea, ile ambayo Wakongo huiita sebene na mashabiki wa dansi Tanzania huiita chemko. Yaani kile ambacho watu wamekuja kukifuata kiko upande wa pili.

Kwa DJ mwenye nakala moja hili ni balaa, maana sahani moja haiwezi kulala pande zote mbili. Ukiwa na nakala mbili unaweka A kwenye mashine ya kushoto na B kwenye ya kulia, unazishona pale upande wa kwanza unapoanza kufifia. Mtindo wa kutumia nakala mbili za sahani moja ulivumishwa miaka ya 1970 na DJ Kool Herc, Mjamaika aliyehamia Bronx, New York, akirefusha vipande vya ngoma ili watu wacheze zaidi. Historia ya hip hop huanzia kwenye sherehe yake ya tarehe 11 Agosti 1973. Wa kwetu tunautumia kumalizia wimbo tu.

Kwa faili kazi ni nyepesi zaidi: rekodi pande zote mbili, kisha ziunganishe kwenye kompyuta ziwe wimbo mmoja. Sikiliza kwanza, kwani si kila mara B huanzia pale A ilipoishia. Mara nyingine fundi alipunguza sauti mwisho wa A na kuipandisha mwanzo wa B, na kuna sekunde kadhaa zinazojirudia. Tafuta pigo la ngoma linalofanana pande zote na uunganishe hapo.

Singeli inapigika kwa santuri?

Sahani zake zipo: lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala imetoa singeli ya Sisso Studios ya Dar es Salaam kwa kaseti na kwa santuri. Ila ugumu uko kwenye mashine. Singeli hukimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hata kuelekea 300, na kitelezi cha mashine ya kawaida ya santuri ya Technics hubadilisha mwendo asilimia 8 tu juu au chini. Kutoka bongo fleva ya 100 kwenda singeli ya 200 unaweza kuhesabu mara mbili. Kwingine kote utajikuta unaruka tu.

Kuna ujanja wa zamani: sahani ya mizunguko 33 ukiiweka kwenye 45, mwendo hupanda asilimia 35, na sauti hupanda pia, zaidi kidogo ya nusutoni tano. Mwimbaji anageuka mtoto. Kwenye singeli hakuna atakayelalamika.

Mashine ipi ya santuri?

Inayozungushwa na mota moja kwa moja, si ya mkanda. Ya mkanda hukawia kushika mwendo na haivumilii kushikwashikwa. Technics SL-1200 ilitoka Japani mwaka 1972, na toleo la MK2 la 1979 ndilo lililojaa vilabuni dunia nzima: hufika mwendo kamili kwa sekunde 0.7. Iliacha kutengenezwa 2010 ikarudi 2016. Iliyotumika ni sawa kuinunua, lakini kabla hujatoa pesa angalia mambo matatu: mkono wa sindano usiwe na mchezo kwenye maungio, kitelezi kisiwe na sehemu kinaporuka, na waya mwembamba wa ethi uwepo. Bila waya huo utasikia mvumo usioisha.

Sindano ya DJ huwekewa uzito wa gramu 3 hadi 4. Watu huweka sarafu juu yake isiruke. Usifanye hivyo, unalima sahani.

Santuri za kuongozea dijitali ni nini? Zinafaa?

Ni sahani zisizo na muziki. Zimechongwa mlio maalumu, na kompyuta husoma mlio huo ikajua sahani inazunguka kwa kasi gani na kwenda upande upi, halafu inalifanya faili lako liende vivyo hivyo. Final Scratch ndiyo ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serato ikafuata 2004 na kuteka soko. Unapata mkono wa santuri na maktaba ya faili kwa pamoja. Kwa anayekwaruza sahani ili kutoa milio, yaani «scratch», hakuna kinachoizidi.

Ubaya wake ni vyombo vingi: mashine mbili, sindano mbili, kiunganishi cha sauti, laptopu, nyaya. Kwa gigi ya saa mbili kwenye baa ya jirani, hapana.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo?

Ukikatika kwa mashine peke yake, santuri inazama taratibu kwa mguno mzito ambao kila mtu anaujua, na watu hucheka. Ukikatika kote, laptopu inaendelea kwa betri, lakini miksa na spika vimekufa, kwa hiyo huna ulichookoa ila nafasi yako kwenye orodha. Mashine za flashi ndizo mbaya zaidi, kwani umeme ukirudi lazima ziwake upya na kusoma flashi tangu mwanzo. Weka UPS ndogo kwa miksa na mashine hizo. Jenereta likichelewa, angalau mwanzo mpya hautachukua dakika tatu.

Nikipandisha besi, santuri inavuma yenyewe.

Sindano inasikia spika zako kupitia meza, inazirudisha kwenye spika, na mzunguko unaanza. Meza za plastiki za kukodi ndizo adui. Sogeza spika za besi mbali na meza, weka mashine juu ya kigae kizito cha zege, na chini ya kigae weka sponji. Kama bado, punguza masafa ya chini kabisa kwenye miksa. Huko hakuna muziki, ni mtikisiko tu.

Santuri za Afrika Mashariki nizitafute wapi?

Nairobi kwanza. Ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kuzigandamiza, na lebo kubwa kama Polygram na AIT zilikuwa huko. Katika soko la Kenyatta Market, katikati ya nyama choma na wasusi, kuna kibanda cha santuri kinachofahamika hadi ng'ambo. Katikati ya jiji lipo duka la Melodica, la tangu miaka ya 1970.

Kwa Tanzania elewa jambo hili kabla hujazunguka Kariakoo bure. Bendi zilirekodi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye kanda za rili, na zilizopata bahati ya kuwa sahani zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 mpaka ukafungwa hadi 1983, na njia hiyo ikawa nyembamba. Nyimbo nyingi unazozikumbuka kutoka redioni hazijawahi kuwa santuri hata siku moja. Usimwamini anayekuahidi «sahani halisi» ya kila wimbo wa bendi ya Sikinde.

Lebo za nje nazo zimechapa upya baadhi: Soundway ya Uingereza ilitoa mwaka 2013 mkusanyiko wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980. Sahani ni mpya na safi, na kwa kupigia ukumbini ni bora kuliko nakala ya awali iliyopita kwenye baa ishirini.

Nahamishaje santuri kuwa faili bila kuiharibu sauti?

Usafi kwanza, maana kompyuta itarekodi uchafu kwa uaminifu uleule. Vumbi kavu liondoe kwa brashi ya nyuzi za kaboni huku sahani inazunguka. Uchafu wa mafuta, tumia maji yaliyochemshwa yakavukizwa, yale safi ya kuongezea betri (si asidi yake), na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Suuza kwa maji hayohayo. Karatasi ya katikati isilowe. Maji ya bomba yana chokaa, yaache.

Sauti itoke kwenye mashine ipitie kikuza sauti cha santuri. Hapa ndipo wengi hukwama. Sahani huchongwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa Marekani mwaka 1954, na kikuza sauti hurudisha mizani. Ukichomeka mashine kwenye tundu la «line» moja kwa moja utapata sauti ndogo, nyembamba, ya kama redio ya mbao. Miksa nyingi za DJ zina tundu la «phono». Tumia hilo, kisha toka kwenye miksa kwenda kompyuta. Zipo pia mashine zenye kikuza sauti na waya wa USB ndani, kama Audio-Technica AT-LP120.

Rekodi kwa Audacity, ni ya bure. Weka biti 24 na kilohezi 44.1 au 48, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya mwisho. Ukigonga juu umeharibu na hakuna tiba. Rekodi upande mzima bila kusimamisha. Kisha uhifadhi nakala ya kwanza kama FLAC au WAV usiyoigusa tena, na kazi zote za kusafisha uzifanye kwenye nakala ya pili.

Kwenye kusafisha mikwaruzo, uwe bahili. Programu ya kuondoa mlio wa vumbi haijui tofauti ya vumbi na kayamba. Ukiikaza, kayamba inaondoka, vidole kwenye nyuzi za gitaa vinaondoka, na unabaki na wimbo msafi usio na watu ndani. Toa milio mikubwa mmojammoja kwa mkono, iliyobaki iache.

Mwisho piga picha karatasi za pande zote mbili, na nakili namba zilizochongwa karibu na katikati. Namba hizo husaidia kutambua toleo hata karatasi ikifutika.

Nikishaihamisha naweza kuiweka mtandaoni?

Bila ruhusa ya wenye haki, hapana. Umenunua sahani, hukununua wimbo.

Naishi Pwani. Joto na unyevu vitaziua?

Joto ndilo hatari kubwa. Santuri ni plastiki. Ukiiacha kwenye buti la gari mchana wa Mombasa au Tanga, jioni utakuta bakuli. Zisimamishe wima, zisibanane sana, mbali na dirisha. Unyevu hauiharibu sahani yenyewe haraka, ila huotesha ukungu kwenye ganda la karatasi na kwenye mifereji. Badilisha makaratasi ya ndani kwa ya plastiki laini.

Nimepata sahani nzito za babu, za mizunguko 78. Nizipige?

Si kwa sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu. Sindano ya leo itaburuzika chini kabisa palipojaa uchafu na kukupa mvumo tu. Tafuta sindano ya 78. Kama mashine yako haina mwendo huo, rekodi kwa 45 halafu pandisha mwendo kwenye Audacity mara 1.733.

Na usizisafishe kwa spiriti wala kileo chochote. Hazikutengenezwa kwa plastiki, zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao shelaki, na kileo huuyeyusha. Za namna hii ndizo zilizobeba sauti ya Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji kinatosha, ukaushe papo hapo. Zisafirishe zikiwa wima ndani ya sanduku lenye nguo pande zote, kwa sababu hazipindi: zikianguka zinapasuka.